Mwenye Kamba Habebi Mawe

Kambini, tarehe 1 Machi
Leo ni mwaka mmoja, miezi saba na siku tisa tangu niondoke nyumbani.

Mwanangu Swali,

Salamu nyingi. Msomee mama yako barua hii kama kawaida, ila mwache kwanza amalize anachoshona, maana akisikiliza huku anashona anajidunga sindano, halafu lawama zinakuja kwangu.

Mimi mzima. Bado tunachimba. Mtaro unanifika kiunoni, upana wake beleshi moja, na humo ndani utalazwa mkongo wa intaneti. Cha kuchekesha ni kwamba hapa tunapochimba hakuna mtandao hata wa kutuma neno moja. Simu zetu ni za kuangalia saa tu. Redio, yule mwenzangu asiyenyamaza, anasema sisi tunajenga choo cha jirani huku wenyewe tumebanwa. Lori la chakula linakuja kila Jumamosi, ndilo linaloleta barua na kuzichukua. Kwa hiyo ukiniandikia, hesabu wiki nzima au zaidi.

Sasa lile la kompyuta. Umesema inaganda. Swali, imeniuma. Yule karani aliyeniuzia alinishika bega akaniapia, "Mzee, hii ina viini vinne ndani." Sikujua viini ni kitu gani, nikaona vinne ni bora kuliko kimoja, nikaibeba. Niambie ukweli bila kunionea huruma: nilipigwa? Na kama intaneti inakimbia kwenye mkongo kama wanavyotuambia hapa, inakwama wapi tena ikishafika kwako?

Hapa nyamaza, mama yako asisikie. Wiki iliyopita ukingo wa mtaro uliporomoka ukanibana mguu. Kucha ya kidole gumba imetoka. Natembea, ila natembea kama bata. Usimwambie.

Haya, endelea kwa sauti. Mama Swali, kipande hiki cha kazi kinaisha mwisho wa mwezi wa nne. Nyapara ana karatasi. Anayetaka kuendelea na kipande kinachofuata, miaka miwili mingine, aandike jina lake kabla jua la tarehe thelathini Aprili halijazama. Asiyeandika atapanda lori arudi kwao. Mimi niko katikati. Mwili umechoka, lakini kazi ni kazi, na kazi haziokotwi. Sitaki kuamua peke yangu. Nataka neno lako: niandike au nisiandike? Utakalosema ndilo hilo.

Kuna mengine nilitaka kukwambia, lakini yatapita mdomoni mwa mtoto, hayapitiki. Nakusalimu tu.

Baba Swali


Nyumbani, tarehe 12 Machi

Shikamoo baba,

Hukupigwa. Karani alisema kweli, viini ni vinne, nimevihesabu.

Ngoja nikueleze. Ndani ya kompyuta kuna prosesa, ndiyo ubongo wake. Zamani ubongo huo ulikuwa kama mtu mmoja anayefanya kila kitu kwa zamu. Siku hizi umegawanywa viini, na kila kiini kinaweza kufanya kazi yake wakati uleule wenzake wanafanya zao. Sasa mkongo wako ukishaleta kitu, kinachofika si picha wala ukurasa. Yanafika maandishi makavu ya maelekezo. Kuna programu inaitwa kivinjari, hiyo ndiyo inayoyasoma, inapima kila kitu kikae wapi, inapaka rangi, na bado inatakiwa ikae macho kungoja kidole chako. Njia yako haina kosa, baba. Foleni iko huku mlangoni.

Kivinjari kina akili. Kinajua kuna viini vingi, kwa hiyo kila ukurasa unaofungua kinaupa chumba chake, na vyumba vinagawanywa kwenye viini. Ukurasa mmoja ukianguka, wa jirani haujui. Lakini ndani ya chumba kimoja kuna kazi nyingi zilizowekwa mikononi mwa mmoja tu. Tunamwita uzi mkuu. Yeye ndiye anayeruhusiwa kugusa kinachoonekana, na yeye ndiye anayekusikia ukibofya.

Ndipo nilipokwama. Mtihani wangu wa vitendo ni tarehe 16 Aprili. Nimetengeneza ukurasa wa mvua: miaka thelathini, vituo arobaini, kila siku na kipimo chake. Ukibadilisha mwaka, ukurasa unahesabu upya na kuchora. Baba, unaganda sekunde kumi na moja. Nikafungua pale panapoonyesha viini vinavyofanya kazi. Kimoja kinatoka jasho, vitatu vimekaa. Mwalimu wetu tunamwita Saa, kwa sababu anasahihisha akiwa na saa mkononi. Ukurasa ukiganda mbele yake, narudia mwaka.

Kuna kitu kimoja nakipenda katika haya mambo. Ukibofya wakati uzi mkuu umezidiwa, unadhani hujasikika. Si kweli. Mbofyo wako haupotei, unapanga foleni. Huyo mzidiwa akimaliza alilobeba, anakuja kwako na kukujibu. Watu wengi hawana subira, wanafunga ukurasa dakika ileile jibu lilipokuwa linafika.

Mama amesikia ulilouliza. Anasema jibu lipo. Nitakuandikia nikipumua kidogo. Nilipofika pale pa "hayapitiki", alishona mfuko nje ya suruali ya mteja, ikabidi aufumue.

Mwanao,
Swali


Kambini, tarehe 22 Machi

Mwanangu Swali,

Barua yako niliwasomea wenzangu wakati wa chai. Kundi letu ni la watu wanne: mimi, Redio, Bonge, na mzee mmoja tunamwita Kimya. Redio akaruka juu. "Yaani hata ndani ya kompyuta kuna watu watatu wamekaa wanamtazama mwenzao anakufa?"

Bonge akamwambia, "Na wewe ndiye wa kwanza kukaa."

"Mimi nimekaa kwa ratiba!"

Kimya akacheka mpaka chai ikamtoka puani, na Kimya hajacheka tangu tuhamie kambi hii.

Mimi sikucheka sana, nilikuwa nafikiri. Niliishia darasa la tano, kompyuta naijua kwa uzito wake tu. Lakini ulichoandika nakijua. Hapa mimi ndiye mwenye kamba. Kazi yangu ni kuvuta kamba inyooke, kupima kina kwa fimbo, na kusema "hapa" au "si hapa". Wale watatu wanachimba, kila mmoja kipande chake. Sasa mwezi wa kwanza nilipopewa kamba, niliona jiwe kubwa kwenye kipande cha Bonge. Mimi naona aibu kusimama watu wakitoka jasho. Nikaweka kamba chini, nikaenda kulitoa. Nilipigana nalo mpaka jua likageuka. Kuinua kichwa, naona watatu wamekaa ukingoni wananing'iniza miguu.

"Mnafanya nini?"

"Tunakungoja wewe," Redio akasema. "Tumefika mwisho wa alama, hujatuambia twende wapi."

Nyapara alikuwa nyuma yangu. Hakugomba. Alisema, "Unadhani nimekupa kitu chepesi ili upumzike? Mwenye kamba habebi mawe. Akibeba, watu wanne wanakuwa mmoja."

Basi huyo uzi mkuu wako ni mimi siku ile. Kuhesabu mvua ya miaka thelathini ndiyo jiwe. Mnyang'anye. Wape wale watatu waliokaa, yeye abaki na kamba na kusikiliza mlangoni.

Ila nikuonye. Siku niliyougua tumbo, Redio na Kimya walivuta kila mmoja kamba yake. Walichimba vizuri sana, kuta zimenyooka, chini kumefutwa kama sahani. Walipofika pa kukutana, mitaro ikapishana hatua mbili. Kila mmoja anamwona mwenzake kwa pembeni! Tulifukia, tukachimba upya. Kwa hiyo wachimbaji wachimbe, wakimaliza wapige kelele "tayari", lakini kamba ibaki moja na mkono mmoja.

Jibu la mama yako silioni. "Jibu lipo" ni jibu gani, Swali? Nimelisoma mara nyingi. Redio anasema mwanamke akisema hivyo ujue amezoea nyumba bila wewe. Nilimwambia anyamaze, lakini maneno yake yamenikaa.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine ndogo nimeibandika. Hiyo ni chumba chake, usiingie. Mpe mama yako, yule nesi jirani amsomee. Wewe nenda kwenye mvua zako.

Baba yako


(Ndani ya bahasha ndogo)

Kwa Mama Swali.

Nesi, samahani kwa kukusumbua. Soma tu, na ukifika pa kucheka, ucheke kwenu.

Mama Swali, mtoto amebeba barua zetu muda mrefu, na mimi nimekuwa nakuandikia kama mtu anayeongea mbele ya mkwe. Leo naongea.

Nilikuficha jambo. Mguu wangu uliumia, kidole kimepoteza kucha. Sasa ni nafuu. Natembea kama bata lakini nafika.

Hapa kuna mashine ya kushindilia udongo. Ikiwa mbali, mlio wake unafanana na cherehani yako ukiwa na kazi ya haraka. Nikiusikia naacha kupima. Wenzangu wanadhani nasikiliza kama ukingo utaporomoka. Sijawaambia ninachosikiliza.

Kuna siku nilijaribu kukumbuka ile alama ndogo uliyo nayo iko shavu la kulia au la kushoto. Nikakosa. Nilikaa chini, nikaona mtaro wote huu niliochimba hauna maana kama nimesahau hilo.

Kama unataka nikae huku, sema, sitalia. Kama unataka nirudi, sema pia. Lakini sema.

Mimi wako


Nyumbani, tarehe 4 Aprili

Shikamoo baba,

Nimemnyang'anya mawe.

Kivinjari kinaruhusu kuita wafanyakazi wa pembeni. Hawaruhusiwi kugusa kinachoonekana, wanafanya hesabu tu, na wakimaliza wanamtumia uzi mkuu ujumbe. Kama wachimbaji wako wakipiga kelele "tayari". Mwanzo nilipata tamaa nikaita kumi, ukurasa ukazidi kuwa mzito, kwa sababu viini ni vinne, na watu kumi kwenye viti vinne wanasukumana tu. Nikabakisha watatu. Watatu na mwenye kamba wao, baba! Kundi lako lote liko ndani ya kompyuta yangu. Huyo mfanyakazi wa tatu nimempa jina Redio, kwa sababu anatuma ujumbe kabla hajamaliza.

Hesabu sasa inachukua sekunde nne. Si kitu kikubwa. Kikubwa ni kwamba katika hizo sekunde nne ukurasa haugandi. Ukibofya, unajibu.

Sasa nisikilize vizuri, na usikasirike mpaka ufike mwisho.

Jibu la mama lilikuwepo kweli. Alinitamkia siku ileile niliyomsomea barua yako, nikaandika, nikakunja, nikaweka ndani ya daftari la mtihani. Nilisema nitaipeleka posta kesho. Kesho nikawa na mvua. Keshokutwa nikawa na mvua. Nilipokuandikia tarehe 12, ilikuwa mezani palepale chini ya kiwiko changu, na nikasahau kuitia. Mpaka juzi daftari lilipoanguka.

Sijui nieleze vipi. Ninasoma, ninapika, ninapeleka nguo za wateja wa mama, ninamsomea barua zako, ninakuandikia zake. Wewe unaniambia usimwambie mama kuhusu mguu. Mama naye ana siri yake, ananiambia usimwambie baba. Naitunza, sikuambii hata leo. Kila kitu kinapita kwangu, na niliona aibu kusema kinanizidi. Niliposoma habari ya jiwe la Bonge nilijicheka, halafu nikalia. Mwenye kamba aliyebeba mawe alikuwa mimi.

Neno la mama nalifunga humu, kama alivyolitamka: "Mwambie asiandike jina. Mwambie arudi."

Bahasha yako ndogo nimempa. Sikuingia. Nesi alikuja, mama akamrudisha mlangoni. Amekaa nayo nyuma ya pazia siku ya pili sasa.

Huyo Redio wa kambini alaaniwe kwa maneno yake kuhusu mama. Nisamehe.

Swali

Nimefika posta na barua hii, wanasema mvua imekata barabara ya kwenu na malori hayaendi. Nimewaachia. Baba, tafadhali usifunge ukurasa.


Nyumbani, tarehe 19 Aprili

Baba Swali,

Nesi hakusoma barua yako. Nimesoma mimi.

Nilisoma kwa kidole. Ilichukua siku mbili. Neno "kushindilia" lilinishinda, nikaliruka, nikalirudia.

Hii ndiyo siri yangu. Kila Alhamisi alasiri nesi ananifundisha. Mimi namshonea, yeye ananifundisha. Nilianza mwezi uliofuata ulipoondoka. Nilitaka ukirudi unikute nasoma gazeti, nikuangalie juu ya gazeti, nisiseme kitu.

Lakini wewe ulisema sema. Basi nasema.

Alama iko shavu la kushoto. Njoo uangalie.

Usiandike jina. Sijazoea nyumba bila wewe. Kiti chako nimeweka vitambaa ili kisionekane kitupu.

Mguu usinifiche tena. Bata wanaruhusiwa kwenye nyumba hii.

Swali alifaulu mtihani wake Jumanne. Nilikwenda, nikakaa nyuma. Mwalimu mwenye saa alibofya. Ukurasa ukajibu. Akabofya tena na tena kwa hasira, kama mtu anayetafuta ugomvi. Ukajibu. Akaitazama saa, akaitia mfukoni. Swali alinigeukia, sikuona vizuri, macho yalikuwa na maji.

Barabara yenu bado imekatika. Tarehe thelathini inakuja na wewe hujasikia kitu kutoka kwetu. Nashona, nahesabu siku. Sijui barua hii itakukuta umeshaandika au hujaandika. Naandika hivyohivyo.

Mkono umechoka. Ni barua yangu ya kwanza.

Mke wako


Kambini, tarehe 4 Mei
Leo ni mwaka mmoja, miezi tisa na siku kumi na tatu tangu niondoke.

Mama Swali, na wewe Swali,

Leo naandika barua moja kwa wawili, kwa sababu sasa najua kila mtu atajisomea mwenyewe.

Mvua ilikata barabara, lori halikuja Jumamosi nne. Tulikula maharage mpaka Redio akaishiwa maneno. Barua sikupata hata moja. Mwezi wote wa nne sikujua kama Swali amepita au amerudia, wala kama bahasha ndogo imefika.

Tarehe thelathini nyapara alifungua meza nje ya hema lake, akaweka karatasi na jiwe juu yake isipeperuke. Bonge akaandika. Kimya akaandika. Redio akaandika, akageuka.

"Mwenye kamba, unangoja nini? Umeuliza miezi miwili sasa. Kunyamaza nako ni jibu, ndugu yangu."

Nikamwambia, "Si jibu. Huko kwangu kuna mtu amezidiwa. Nilichouliza kiko kwenye foleni."

"Foleni gani?"

"Hukusikia nilipowasomea? Wewe ulikuwa unachekesha watu."

Nyapara akaniuliza taratibu kama kweli nitaiacha kazi kwa jibu ambalo sijaliona. Nilishika kalamu. Nikaiona mikono yangu, imekuwa ya rangi ya udongo, haitakati tena kwa sabuni yoyote. Nikafikiri, huyu mwanamke nimeishi naye miaka ishirini na mbili. Akinyamaza kwa hasira namjua, anavuta uzi kwa meno. Akinyamaza kwa kuzoea, hilo sijawahi kuliona kwake. Na mtoto aliniandikia kwa mkono wake kwamba watu wanafunga ukurasa dakika ileile jibu linapofika. Nikaweka kalamu juu ya karatasi ya nyapara, nikasema ahsante, nikarudi mtaroni kukusanya kamba.

Leo asubuhi lori limefika. Barua zikatoka mbili, zote zina ukungu pembeni. Ile ya Swali nimeisoma nimesimama. Ile nyingine niliigeuza mara mbili, mwandiko siujui, herufi kubwa zimekaa kila moja mbali na mwenzake kama vigingi vyetu. Nikadhani ni ya nesi. Nilipofika "nimesoma mimi", nilikaa chini kwenye tope. Redio akaja mbio, "Kuna msiba?" Nikamwambia hapana. Akachungulia. "Mbona unalia?" Nikamwambia, "Mke wangu ameandika."

"Ameandika nini?"

"Ameandika."

Swali, sina la kukusamehe. Sisi wazazi wako ndio tulikupa kamba, halafu tukakurundikia mawe mgongoni, kila mmoja akidhani ni lake tu. Yaweke chini. Barua za mama yako ataziandika mwenyewe, na zangu nitakuja kuzisema kwa mdomo. Hongera, mwanangu. Huyo Saa nitampa mkono.

Mama Swali, shavu la kushoto. Nimeandika kwenye kiganja nisisahau njiani.

Kamba nimemkabidhi Kimya. Nimempa onyo moja tu kuhusu mawe, akacheka tena.

Lori linalobeba barua hii linarudi Jumamosi ijayo kutuchukua sisi tusioandika majina. Kwa hiyo barua itanitangulia kwa wiki moja. Toa vitambaa kwenye kiti. Jumanne tarehe 14 Mei, mchana, ukisikia mtu anatembea kama bata uani, usiinuke. Kaa na gazeti lako, niangalie juu yake kama ulivyopanga, usiseme kitu.

Baba Swali